Pini ya Tatu

Mchoraji wa ramani za kuundia ndoo za kreni, zile zenye taya mbili za kuchotea makaa melini, hugonga kila pini inayoshikilia taya hizo kwa nyundo ndogo, sikio likiwa karibu na chuma kama jirani anayefuatilia ugomvi ukutani. Leo pini ya tatu ililia kama chungu chenye ufa. Ndani ya meli, wapakuaji sita walikuwa wakiingoja ndoo ishuke juu yao.

"Fundi, ivumilie leo tu," msimamizi alisema. "Kwani kosa la nani?"

Mchoraji angeweza kumtaja fundi aliyeichonga pini, ambaye hakuwepo kujitetea. Akagonga tena, akajifuta mikono isiyo na grisi.

"Tundu la grisi nililichora mimi, hapo hapo penye uzito wote, ndipo pini ikapasuka. Waambie watoke, kisha unitukane vizuri."