Mshale Uliogoma Kurudi Sifuri

Kama una hamu ya kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwaka, nikiwa na akili zangu timamu na chai nimekunywa. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Bariadi. Pombe sigusi, na Jumapili nipo kanisani. Mambo ya mizimu nilikuwa nayasikia kwa wengine na kuwacheka kwa sauti. Siku hizi nachekwa mimi.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe ya mnunuzi mmoja wa pamba, mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa maneno mengi. Aliileta asubuhi ikiwa na bampa jipya na taa mpya upande wa kushoto. Nikamuuliza imepatwa na nini.

"Ng'ombe," akasema. "Si unawajua ng'ombe wa huku, barabara ni yao."

Tukacheka. Kilichomleta kwangu kilikuwa spidomita. Gari limesimama, injini imezimwa, ufunguo uko mkononi mwake, lakini mshale umeganda kwenye mia na kumi.

"Nirudishie sifuri, fundi. Linanikera hilo."

Ngoja nikueleze kidogo, usije ukadhani kazi siijui. Kwenye magari ya siku hizi kuna sensa pale kwenye giaboksi. Inahesabu mizunguko, inatuma habari kwa waya, halafu kimota kidogo nyuma ya mshale kinausukuma. Mshale ukiganda, ubovu uko kwenye kimojawapo cha hivyo vitatu. Nikaanzia chini. Sensa nzima. Nikapima nyaya moja moja, zote nzima. Nikafungua dashibodi, nikauchomoa mshale, nikaupachika sifuri, nikalizungusha gari mtaani. Ukapanda ishirini, ukapanda arobaini, nikifunga breki unashuka vizuri kabisa. Nikajisifu, nikanawa mikono, nikaenda kula.

Narudi, mshale uko mia na kumi.

Nikasema haya, kimota kimechoka. Nikatafuta spidomita nyingine ya gari kama lile, nikaifunga. Kesho yake asubuhi na yenyewe ikasoma mia na kumi. Niamini, nilikasirika. Nilidhani kuna mtu ananichezea. Nikachomoa betri, nikaitoa ile spidomita ya kwanza na kuiweka juu ya meza yangu, haina waya hata mmoja, nikaurudisha mshale sifuri kwa kidole. Nikavuta kiti, nikakaa kuutazama. Ukapanda. Haukuruka, ulipanda polepole mpaka pale pale. Wewe ungefanya nini? Mimi niliitupia kitambaa juu, nikajifanya nina kazi nyingine.

Ilikuwa kama saa kumi na moja jioni mzee mmoja alipoingia. Mrefu, mkavu, ana shuka begani na fimbo ya kuchungia. Viatu vyake vilikuwa vile vya matairi, na vumbi limempanda mpaka magotini.

"Mwangaluka," akanisalimia.

Hiyo kwetu ni salamu ya asubuhi. Nikamtania kama babu yangu, "Guku, jua linakwenda kuzama, wewe ndiyo unaniamsha?"

Hakucheka. Akaifuata meza, akakiondoa kile kitambaa kana kwamba amekiweka mwenyewe, akaigusa kioo ile spidomita.

"Mimi shule sikwenda," akasema. "Nisomee hapa."

"Mia na kumi, guku."

"Mia na kumi ni mbio?"

"Ni mbio sana."

Akauliza taratibu, "Mtu anavusha ng'ombe zake barabara, anapeleka mnadani. Asubuhi, bado kuna ukungu. Gari analiona kule mbali. Kama ni la mia na kumi, atawahi kuvuka?"

Sikujua anataka kufika wapi. Nilidhani ana kesi ya ng'ombe na yule mteja wangu, na moyoni nikaanza kujipanga nisiingizwe kwenye ugomvi wa watu. Lakini swali lilikuwa la kazi yangu, nikalijibu kama fundi.

"Hawezi, guku. Hata kijana hawezi."

"Hata kama hajalewa?"

"Kulewa hakuhusiki hapo."

Mzee akashusha pumzi ndefu. Mpaka leo naikumbuka ile pumzi, maana ilinifanya nimhurumie bila kujua namhurumia kwa nini.

"Basi nenda Nkololo," akasema. "Ulizia kwa Jilala. Waambie ndugu zangu kwamba Kabula hakunipa pombe. Wanasema mke wangu alininywesha asubuhi ile, wanataka kumfukuza. Waambie ile namba."

Nikageuka nimvutie kiti akae anieleze vizuri. Nilipogeuka tena hayupo. Gereji yangu ina mlango mmoja tu, na mbele yake anakaa mama anayeuza vitumbua. Nikatoka mbio.

"Mama, yule mzee kaelekea wapi?"

"Mzee gani?"

"Huyu aliyeingia sasa hivi."

Akanitazama kwa huruma. "Fundi, hajaingia mtu hapo. Nimekusikia unaongea peke yako, nikajua unaongea na simu."

Nilirudi ndani. Mshale ulikuwa sifuri. Nikaigonga ile spidomita, nikaitikisa, haukusogea. Nikaifunga kwenye gari, ikafanya kazi mpaka leo, kwa ninavyosikia.

Mteja alipokuja kuchukua gari lake nikamuuliza, "Bosi, ulimgonga ng'ombe tu?"

Yule mtu wa maneno mengi akaangalia chini, akaangalia gari, kisha akasema, "Mzee alikuwa amelewa, fundi. Kila mtu alikubali pale. Yameshaisha." Akapanda akaondoka. Hakurudi kwangu tena.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo. Sikwenda Nkololo. Leo nasema kesho, kesho nasema mwisho wa wiki. Nilikuwa nimechanganyikiwa kweli. Usiku nalala najiuliza, nilimwona au sikumwona? Niende nikawaambie watu nini, kwamba mshale usio na waya ulinisomea namba? Na kituoni je? Ningesema ushahidi ulikuwepo, ila umerudi sifuri wenyewe mezani kwangu? Nilitaka kwanza nielewe. Nilifungua vitabu vya ufundi, nikawauliza mafundi wenzangu kwa kuzunguka zunguka, nikidai ni gari la mtu mwingine. Hakuna aliyenipa jibu. Ikapita miezi miwili.

Siku nilipokwenda nilipanda pikipiki, njia nzima nikipanga maneno na kuyapangua. Kwa Jilala palijulikana. Nilimkuta mdogo wake, mtu mzima mwenye mvi, anafunga uzio wa zizi. Nikamsalimia, nikaomba kumwona mzee Jilala. Bado kuna kipande cha moyo wangu kilichotumaini atatoka ndani na fimbo yake.

"Kaka tulimzika," akasema. "Aligongwa na gari akienda mnadani."

Nilipomtajia tarehe mzee alipoingia gereji, akahesabu kwa vidole. Ilikuwa siku ya tisa tangu wamzike.

Nikamweleza yote. Niliyasema vibaya, nikirudi nyuma na kuruka mbele, nikisubiri acheke au anifukuze. Nilikuwa tayari hata kwa hilo. Wewe unadhani alicheka? Alikaa chini pale pale kwenye mavi ya ng'ombe makavu. Hakuniomba ushahidi. Hakuuliza spidomita inafanyaje kazi. Aliniamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe.

Kisha akauliza jambo moja tu. "Alikutuma lini?"

Nilikwisha kumwambia. Alitaka nirudie.

"Mayu Kabula, mama wa watu, tulimfukuza mwezi uliopita," akasema. "Kwa maneno yetu wenyewe tulimwita muuaji. Ungekuja wakati ule, angekuwa yumo humu ndani."

Kabula alikuwa amerudi kwao Lingeka, wakaenda kumfuata, mimi nikiwa nao. Tulichelewa tena. Mama yake mkubwa alituambia hakukaa hata wiki mbili. Alimbeba mtoto wake wa mwisho, akafuata watu waliokuwa wanahamia Katavi na mifugo. Simu hana. Kila dereva anayetoka upande ule namuuliza, na wengine wameshanipachika jina la utani kwa ajili hiyo. Shemeji zake wamemwekea nyumba yake, wanaifagia.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukitumwa ujumbe, upeleke siku ile ile, hata kama aliyekutuma humwelewi. Mimi nilisubiri nielewe kwanza. Mpaka leo sijaelewa kitu, na Kabula hajui kwamba mume wake alimtetea.