Neno Lisilo la Karate

Mwaka 2015, wageni walipokuwa wakipigwa mjini Durban na maduka yao kuvunjwa, tuliacha kwenda mazoezini Pinetown. Tuliogopa taxi, daladala za kule. Ndani ya taxi lazima useme unashukia wapi, na ukishafungua mdomo abiria wote wamekujua.

Mashindano ya karate yalikuwa yamebaki wiki tatu. Kocha wetu, Mkongo fundi wa simu, akatupa sebule yake, gorofa ya tatu karibu na stendi. Tulikuwa wanafunzi wawili: mimi niliyetoka Dar, na dada wa Bukavu aliyekuwa msusi saluni. Kochi tulilisukuma likaziba mlango. Vyuma hatukuwa navyo, uzito wetu ulikuwa miili yetu: pushapu za ngumi, kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kujining'iniza kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Kuruka kulikatazwa. Chini yetu aliishi mama wa Kizulu, na hatukujua moyo wake.

Siku zote tulihesabu pushapu kwa Kiswahili. Jumamosi ya kwanza pale sebuleni kocha alibadilisha, akataka Kijapani.

"Leo ni japonais tu. Bakitusikia, batasema ni Bachina."

Dada alicheka hadi akakaa chini. Mimi pia nilicheka, kisha nikatazama dirisha. Lilikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Tulitakiwa kufika hamsini, na zamu ya kuhesabu ilikuwa yangu. Ichi, ni, san, mpaka ju, ambayo ni kumi. Halafu unaanza upya. Kumi la kwanza na la pili yalipita vizuri. La tatu, mikono ilianza kutetemeka. La nne sikuwa na akili ya kuchagua lugha.

"Arobaini!" nilipiga kelele.

"Mtanzania, unatuua," dada alinong'ona.

Mlango ukagongwa. Mara tatu, polepole.

Tulikuwa tumeshuka, vifua vikiwa karibu na sakafu. Kocha alituonyesha kiganja: msisogee. Tungeangusha magoti, kishindo kingesikika. Tukabaki hivyo hivyo, viwiko vimekunjwa. Jasho lilidondoka kutoka puani mwangu na nililisikia likidondoka. Kochi likaburutwa kidogo. Nilimwomba Mungu aliyegonga awe mtu mmoja tu.

Alikuwa yule mama wa chini. Alisema kwa Kizulu, kwa sauti ya chini, naye kocha baadaye alitueleza yote, ingawa mengi nilikuwa nimeyaelewa.

"Bhuti, kaka yangu, fungeni dirisha. Mnasikika mpaka kwenye robot, kule kwenye taa za barabarani. Kuna vijana wamekaa pale ukutani, wameniuliza ni watu gani hawa. Nimewaambia ni karate, ni Kijapani." Akaongeza: "Lakini hilo neno la mwisho si la karate."

"Ngiyabonga, Mama," kocha alishukuru. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Nyayo zake zilishuka ngazi. Kocha alirudisha kochi, akafunga dirisha, akasimama kando ya pazia akiwatazama wale vijana. Kisha, bila kugeuka, akatuashiria kwa kidole tuendelee.

Tulikuwa tumebakiza kumi. Mimi, ninayehesabu hata ngazi ninazopanda, sijui tulipiga ngapi. Hakuna aliyefungua mdomo.