Mpaka Kilima Kiitike

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga mbiu mpaka sauti ikanikauka, na hakuna mtu aliyetoka nje. Nilisimama juu ya kilima kimoja cha Rugera, kanzu mpya mwilini, pembe ya ng'ombe mkononi, nikitangaza habari za kodi kwa Kiswahili safi nilichofundishwa shule ya misheni kwetu Muleba. Chini yangu moshi wa meko ulikuwa unapenya katikati ya migomba, kwa hiyo watu walikuwapo. Walikuwa wamenyamaza tu. Nyuma yangu, juu ya jiwe, aliketi Mkungu wa Rugera, yaani mkuu wa kijiji, mzee mfupi mwenye tumbo la kucheka, akitafuna buni za kahawa.

"Kijana wa Muleba, umemaliza?"

"Nimemaliza, waitu," nikamjibu, kwa neno letu la kumheshimu mkubwa.

"Hujamaliza. Kilima hakijaitika." Akainuka, akajipangusa, akaweka viganja pembeni mwa mdomo na kuita kwa Kinyambo kwamba ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyovunjika ameonekana bondeni, mwenyewe ajitokeze. Lo! Migomba ilimwaga watu. Wanawake walitoka na majembe, wazee wakatoka na mikongojo yao. Walipokwisha kujipanga ukingoni, ndipo Mkungu akapitisha habari ya kodi, kwa sauti ileile, bila kubadili uso. Kutoka ng'ambo ikarudi sauti ya watu wengi: "Twahurira!" Maana yake, tumesikia.

"Ukianza na kodi wanaingia migombani," akaniambia tukiteremka. "Anza na ng'ombe. Kila mtu ana ng'ombe aliyepotea, hata asiye na ng'ombe."

Nawaandikia haya ninyi mnaokaa sasa kwenye halmashauri zenu, mnaorudi kata kwenu na makaratasi yaliyopigwa chapa. Siku zetu eneo lote liligawanywa katika magombolola, na kila gombolola lilikuwa na Mkuu wake na baraza lake. Sisi wajumbe wa baraza tuliketi na Mkuu kusikiliza mashauri na amri, halafu tukarudi vilimani kuwaeleza watu. Wajumbe wengi walikuwa wazee wa busara. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya koo langu. Nilikuwa nimewahi kumwita ndugu yangu kanisani, tena kwa kunong'ona, mchungaji akasimamisha mahubiri.

Kazi ya mbiu ilikuwa na taratibu zake. Ulipanda kilimani asubuhi, umande ungali kwenye nyasi, kwa sababu jua likishapanda sauti inachoka njiani. Ulisimama upepo ukiwa mgongoni. Ulikata maneno vipande vifupi na kuacha nafasi katikati, la sivyo mwangwi unakurudishia uji. Kwanza zilitoka habari za kaya: nani kajifungua, nani amelazwa, rubisi ya nani imeiva, kwa wasiojua hiyo ni pombe yetu ya ndizi. Kisha habari za baraza: matandazo ya migomba, kupogolea mibuni, siku ya kuchimba barabara. Mwisho ulingoja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mbiu isiyoitikiwa ilihesabiwa haikupigwa, na mjumbe aliyeondoka kilimani kabla ya "twahurira" alikuwa amekwenda kupunga upepo.

Kutoka Rugera nilihamishiwa Nyaishozi. Mkuu wa Gombolola wa huko alikuwa mtu wa haraka, aliyevaa viatu vyake hata ndani ya nyumba na kutaka kila jambo liishe kabla ya chakula. Aliniambia nisitangaze tena habari za rubisi, kwa kuwa baraza si kilabu. Nilitii. Juma lile mahudhurio ya kuchimba barabara yalikuwa mimi, yeye na mbuzi wa karani. Juma lililofuata aliniita pembeni, akatazama viatu vyake, akasema, "Hebu taja rubisi kidogo." Nilimpenda sana mzee yule.

Huko Nyaishozi ndiko nilikojifunza pia kuwafikia wafugaji wa rweya, yaani mbuga ya nyasi. Hawa hawakai mahali pamoja, leo wako hapa, kesho ng'ombe wamewavuta kwingine. Kwao pembe haikutosha. Ulitembea mpaka ukawakuta, ukanywa maziwa uliyopewa hata kama umeshiba, ukauliza hali ya ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, na baada ya hapo ndipo ulipoeleza habari za chanjo. Mgeni aliyeanza na chanjo alijibiwa kwa mluzi, na ng'ombe wakaondoka.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Chonyonyo, na hapo nilikaa mpaka mvi. Mkuu wa huko alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa sheria kuliko wote niliowahi kuwatumikia. Kwake neno la baraza lilikuwa kama msumari, ukishapigwa haung'olewi. Nilimwogopa, nikamheshimu, na baadaye nikampenda, kwa utaratibu huo.

Ng'ambo ya bonde, kwenye kilima kilichotazamana na uwanja wa baraza, aliishi mjane mmoja, Mama Kokwijuka. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali na kibanja kizuri kuliko vyote upande ule. Kibanja, kwa ninyi mliozaliwa mjini, ndilo shamba la migomba na mibuni lililoizunguka nyumba. Mumewe alikuwa amefariki na kuzikwa humo humo, kama desturi yetu. Hawakujaliwa mtoto wa kiume. Basi shemeji yake, Katunzi, aliyeishi kilima hicho hicho, mtu wa maneno laini, akapeleka shauri barazani kwamba kibanja ni cha ukoo, arudishiwe, na mjane arudi kwa kaka zake.

Taratibu zilikuwa wazi. Mshtakiwa aliitwa kwa mbiu, kilima kikaitika, na asiyefika siku ya shauri alikuwa ameshindwa. Kuitika hakukuwa lazima kwake mwenyewe. Yeyote aliyesikia aliitikia kwa niaba ya kilima kizima, kisha akampelekea jirani habari. Tangu enzi za babu zetu haikuwahi kutokea mtu akaitika na kuficha.

Nilipanda asubuhi, nikatangaza mtoto aliyezaliwa, nikatangaza matandazo, nikamwita Mama Kokwijuka na kutaja siku ya shauri. Sauti moja ikaitika, ya mwanamume. Iliitika upesi sana, siku yenyewe sijamaliza kuitaja. Nikaona ajabu kidogo, lakini safari ilikuwa ndefu, nilikuwa na vilima vya upande wa Kyerwa vya kuzungukia kabla ya baraza. Kilima kimeitika, nikashika njia.

Siku ya shauri niliporudi, baraza lilikuwa limejaa. Katunzi alikuwa amepaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Mama Kokwijuka hakuwapo. Mkuu aliuliza jina lake, hakuna aliyejibu. Akauliza tena, kimya.

"Mjumbe," Mkuu akaniambia, "ulimwita?"

"Nilimwita, waitu."

"Kilima kiliitika?"

"Kiliitika."

"Basi."

Akamgeukia karani aandike. Hapo mzee mmoja wa baraza, jirani yangu kwenye benchi, alikuwa anatafuna senene waliokaangwa, akanisogezea kikapu. "Onja," akaninong'oneza. "Hawa ni wa ng'ambo. Walianguka asubuhi ile uliyopiga mbiu. Mke wangu anasema kilima kizima kilihamia rweya, hakubaki hata kuku."

Mkono wangu ulibaki ndani ya kikapu. Ninyi mnajua senene. Mvua za mwisho wa mwaka zikija na panzi wale wakaanguka, kwetu hakuna shamba, hakuna shule, hakuna ugomvi. Wanawake huacha chungu mekoni. Sasa siku kama hiyo, nani alikuwa nyumbani kuniitikia?

Nikasimama. Mkuu akanitazama kama mtu anayetazama kiti kilichosema.

"Waitu, kilima kiliitika kwa sauti moja."

Katunzi akawahi. "Sauti moja ni kilima! Ndiyo desturi." Wazee wakaguna kukubali, kwa sababu kweli ndiyo desturi.

"Asubuhi ile senene walianguka ng'ambo," nikasema. "Watu wote walikuwa rweya. Wewe, Bwana Katunzi, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu. Ni kosa mtu kukaa nyumbani kwake?"

Yule mzee wa senene akacheka mpaka akapaliwa. "Mwanangu," akamwambia Katunzi, "mtu anayebaki nyumbani siku ya senene ama ni mgonjwa, ama kuna kitu anakivizia. Wewe naona una afya."

Uwanja mzima ukacheka, isipokuwa watu wawili. Katunzi alitazama chini. Mkuu alinitazama mimi, kwa muda mrefu.

"Wewe ni mdomo wa baraza," akasema taratibu. "Mdomo umepewa masikio tangu lini?"

"Waitu, aliyenifundisha kazi alisema mbiu haijaisha mpaka kilima kiitike. Aliyeitwa ni Mama Kokwijuka. Hajaitika yeye, wala hajaambiwa."

Nilidhani nimepoteza kazi. Nilikuwa na watoto wanaosoma, na mibuni yangu ilikuwa bado michanga. Nawaambieni ukweli, niliogopa. Mkuu alinyoosha kidole kirefu kuelekea kilimani.

"Mwite tena. Sasa hivi. Baraza litangoja."

Jua lilikuwa limepanda, upepo ulikuwa unanijia usoni, kila kitu kilikuwa kinyume na taratibu nilizowaeleza. Nilipanda juu ya kichuguu kilichokuwa pembeni mwa uwanja, nikapuliza pembe, nikaita. Nilikata maneno vipande vifupi. Kokwijuka. Njoo. Barazani. Kibanja chako. Bonde likanirudishia kibanja, kibanja, kisha kimya. Nikaita tena. Wazee walikuwa wametega viganja nyuma ya masikio. Hata Mkuu alisimama.

Ndipo ikaja, nyembamba, kutoka ndani kabisa ya migomba: "Nahurira! Ni mimi! Nakuja!"

Sijawahi kusikia kitu kizuri kama hicho, na nimesikiliza kwaya nyingi.

Alifika na tope mpaka magotini, hakubadili nguo, hakunawa. Akamwamkia Mkuu kwa heshima, "Shikamoo, waitu," akaelezwa shauri, akamsikiliza Katunzi mpaka mwisho bila kumkatiza. Alipopewa nafasi hakusema mengi. "Mume wangu amelala chini ya ile migomba," alisema. "Katunzi anataka ndizi. Je, na palizi ya kaburi ataitaka? Tangu tumzike, hajawahi kung'oa hata jani moja pale. Mwulizeni."

Hawakuhitaji kumwuliza. Kibanja kikabaki cha Mama Kokwijuka, maisha yake yote. Na kabla baraza halijavunjwa, Mkuu alisema neno moja, likawa msumari: tangu siku hiyo, katika gombolola lake, anayeitwa aitike mwenyewe na ajitaje. Wakati tunaondoka alinipita bila kunitazama, akasema, "Masikio hayo, uyatunze."

Msimu wa senene uliofuata nyumbani kwangu kililetwa kikapu kimejaa, kimefunikwa jani la mgomba. Sasa kwetu mwanamke hukamata senene kwa ajili ya mumewe, na mume humnunulia nguo. Mke wangu alikitazama kikapu kile, akanitazama mimi. "Huyu anayekuletea senene ni mke wa nani?" Ilinibidi nieleze shauri lote tangu mwanzo, nikiwa nimesimama. Alipomaliza kunisikiliza akasema, "Basi nguo nitamnunulia mimi." Akanunua kweli, na tangu hapo wakawa marafiki, wakinisema mbele yangu kila walipokutana. Kikapu kilikuja kila msimu.

Sasa nimestaafu, naketi kibarazani na redio niliyonunuliwa na wanangu. Ni chombo kizuri, kinajua habari za mbali kuliko nilizowahi kuzitangaza. Nalaumu jambo moja tu. Kinasema, kinaaga, kinapiga muziki. Hakingoji.

Asubuhi yangu ya mwisho kazini nilipanda kilimani pole pole, nikapumzika mara nyingi njiani. Ukungu ulikuwa umejaza bonde. Nilianza na ng'ombe, bila shaka. Nikataja aliyejifungua, nikataja rubisi, nikataja mibuni. Kisha nikasema kwamba mjumbe wao leo anaweka pembe chini, na kwamba nawashukuru. Nikangoja.

Halafu kutoka ndani ya ukungu ikaja sauti nyembamba, sasa ya kizee, yenye mikwaruzo: "Nahurira! Ni mimi, Kokwijuka!" Nikadhani imeisha, nikainama kuchukua fimbo. Ikaja ya pili, ikajitaja. Ikaja nyingine. Hakuna aliyewaita kwa jina asubuhi ile, lakini walijitaja, mmoja baada ya mwingine, nyumba kwa nyumba, sauti zikishuka kilima mpaka bondeni, na watoto wao ambao sikuwajua wakajitaja pia. Nilisimama pale machozi yakinitoka, sikuthubutu kuondoka. Jua lilipanda, umande ukakauka, na bado walikuwa wanaitika.