Tanzia ya Agoa

Miaka kumi na mmoja Nusaiba alishona zipu. Zipu tu, za suruali za jinzi, katika kiwanda kimoja cha Changamwe, na suruali zenyewe hakupata kuvaa hata moja. Zilikwenda Marekani bila kutozwa ushuru, kwa makubaliano waliyoyaita Agoa, na kwa zipu hizo yeye na mamake walikula, kule Mjambere, tangu mume alipomwacha.

Sasa mamake, Bi Mwanasiti, masikio yalikuwa mazito. Kila siku husikia Agoa hivi, Agoa vile, bila Agoa tumekwisha. Akaamini Agoa ni mtu. Tajiri wa kiwanda, Mjaluo bila shaka, kwa jina lile!

"Yuwaendeleaje Agoa?" huuliza.

Siku ya kwanza Nusaiba alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akasema atamweleza kesho. Kesho gani? Bi mkubwa alishaanza kumwombea Agoa umri mrefu kila baada ya swala, na wallahi, dua ile nani angethubutu kuikata?

Basi muda wa Agoa ukafika mwisho, na wakubwa wa huko hawakuuongeza. Oda zikakauka, mashine zikafunikwa moja moja. Nusaiba akajipa moyo, maana mkataba wake wa miezi mitatu mitatu haujapata kukatwa. Mpaka Alhamisi ile msimamizi wao, Musyoka, aliposimama getini na karatasi ya majina, macho chini.

"Dada Nusaiba, hakuna kazi. Agoa imekwisha."

Ati imekwisha! Mtu macho yake kayamalizia kwenye uzi wao, na hata kiti hakupewa aambiwe ameketi.

Akafika nyumbani adhuhuri. Mamake akashtuka. "Kulikoni, saa hizi?"

"Agoa kafa, mama."

Alikusudia kusema mengine. Ndilo lililotoka.

"Inna lillahi!" Bi Mwanasiti akajishika kichwa. "Masikini! Kaacha watoto?"

"Kaacha. Wengi."

"Basi nipe leso yangu, twende tukawape mkono. Mtu katulisha miaka yote hii, leo tukae?"

Nusaiba akaketi sakafuni. "Usiende mbali, mama," akasema, na machozi yakamtoka. "Mmoja wao ni mimi."

Bi mkubwa akamtazama sana. Kisha akamnyoshea mkono, kama apewavyo mfiwa.