Shimo Nyuma ya Goli

Uwanja wa mpira wa Kalemie, baba yangu aliniambia, ulisawazishwa na watu wa reli wakati wa Wabelgiji. Miaka ya Zaire sisi tuliufyeka kila Jumamosi asubuhi kwa salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote. Hapo timu zilicheza, hapo mama zetu waliimba nyimbo za chama mbele ya wakubwa, na hapo tuliomba kusali siku askofu alipokuja, maana kanisa letu lilikuwa dogo mno.

Nilikuwa katekista. Watoto wetu walikuwa wamengojea kipaimara miaka mingi, na familia nyingine zilishuka kwa miguu kutoka milima ya Kirungu. Komiseri wa zone, mkuu wa wilaya yetu, alikubali, lakini akatuwekea sharti.

"Jumamosi kuna mechi na Nyunzu. Kukiwa fujo, nafunga uwanja. Jumapili musali kwenu."

Ijumaa jioni mimi na wazee wawili tulichimba shimo la msalaba nyuma ya goli la upande wa ziwa. Tukatia vipande vya matofali, kisha tukalifunika kwa udongo, mchezaji asije akavunjika mguu.

Jumamosi wageni walishuka kwenye treni, wakakagua uwanja wakitafuta dawa za uchawi, kama kila timu ilivyofanya siku zile. Kipa wao akaona udongo mpya.

"Dawa yenu njo hii! Hatuchezi!"

"Dawa gani? Munaogopa kufungwa tu!" vijana wetu wakajibu. "Mupande treni, murudi kwenu!"

Jiwe likarushwa. Askari wakaanza kusogea. Komiseri alikuwa ameshasimama, na kichwani mwangu niliwaona tayari watu wa Kirungu wakipanda milima yao mikono mitupu. Nikaomba kimoyomoyo, nikachukua jembe, nikaenda.

"Papa Katekista, hata wewe unazika dawa?" mtu akapaza sauti, na uwanja mzima ukacheka.

Nikachimba mbele ya wote. Kipa alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa kipande cha tofali, akakinusa.

"Hii ya nini?"

"Ya kukaza msalaba, mwanangu. Kesho askofu anakuja."

"Basi muusimike sasa, niuone."

Tukauleta, tukausimika. Kipa akafanya ishara ya msalaba, akasimama kwenye goli hilo hilo, mechi ikaanza.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe kufika mapumziko wageni walikuwa mbele kwa bao moja, na vijana wetu wakaja juu: "Msalaba unasaidia Nyunzu! Ung'olewe!"

Mama mmoja muuza samaki akasimama, mikono kiunoni. "Munyamaze, wajinga ninyi! Sasa si munabadilisha upande? Goli hilo njo lenu!"

Wakatazamana. Kisha wakacheka hata wale waliokuwa wameokota mawe, na mawe yakaanguka chini.

Tulisawazisha kwa penalti karibu na mwisho. Filimbi ilipolia, watu wa Nyunzu na wa Kalemie walitoka kwa lango moja wakibishana juu ya penalti ile. Komiseri alinipa mkono. "Kesho uwanja ni wenu, Papa." Nikakaa kwenye majani, nikamshukuru Mungu kwa sauti, bila kujali nani ananisikia.

Asubuhi watoto walijipanga juu ya mistari ya chokaa, wa Kirungu mbele kwa sababu walitoka mbali, na askofu akapita akiwapaka mafuta mmoja mmoja.