Meno ya Keekee Kwenye Vali

Mchanga wa bonde lile ulikuwa laini kama chumvi ya kusaga, na ulikula chuma. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi wa maji wa mkoa, nikikaa Rasbura mjini Lindi, na pampu iliyonizeesha kuliko zote ilikuwa katika kijiji kipya mbele ya Likawage. Injini ya dizeli iliiendesha, ikavuta maji kwenye kisima kilichochimbwa kando ya mto wa msimu. Ndani yake mlikuwa na vali, yaani visahani vya chuma vinavyofunguka kupitisha maji, kisha vinajifunga yasirudi. Mchanga ulipita pamoja na maji ukakwangua kingo za visahani hivyo mpaka vikawa na mapengo. Hapo injini ilinguruma bure, bomba likatoa upepo.

Nikawa naitwa. Nilipanda lori, tukakwama, tukasukuma, nikafika nimejaa vumbi hadi kope, nikabadilisha vali, nikarudi. Mke wangu alifika mahali hakufungua tena mfuko wangu wa nguo. Aliuacha pale pale mlangoni.

"Si utaondoka tu," alisema.

Mwenyekiti wa kamati ya maji kijijini alikuwa mama mjane wa Kimatumbi. Safari moja nilimkuta amekalia ndoo tupu karibu na mtambo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta vali?"

"Nimeleta."

"Zile zile?"

"Zile zile, mama."

"Tulipohamishwa tuliambiwa maji tutayakuta huku. Sasa wanawake wanarudi kuchota kule kule tulikotolewa. Yuko mmoja ana mimba pevu. Nimemkataza, hasikii, maana nyumbani hana wa kumchotea."

Nilifunga vali zile zile nikijua zitakufa.

Karakana ya mjini nilifanya kazi na mchomeleaji mmoja Mmakonde, rika langu, mtu wa maneno machache. Nilimwonyesha kisahani kilichotafunwa. Akakigeuzageuza.

"Ndugu, chuma hiki ni laini kuliko mchanga. Tutafute kinachotoboa mawe."

Tulikwenda kwenye machimbo ya kokoto za barabara, tukaomba keekee butu, vyuma vya kutobolea mawe, zilizokuwa zimetupwa. Kwenye ncha zake yalikuwa yamebaki meno ya madini ya kijivu, magumu ajabu. Tupa iliteleza juu yake kama juu ya kioo. Tukayabandua kwa moto, tukachonga vijishimo kwenye ukingo wa kisahani kipya, tukayapanga humo, tukanyunyiza boraksi, unga wa kusafishia chuma kinapoungwa, na kuyeyushia shaba ili yashike.

Kisahani cha kwanza nilikiharibu mimi. Nilikuwa nimechoka, nikataka kwenda nyumbani, nikakitumbukiza majini kingali chekundu. Tulisikia mlio mdogo, na jino likapasuka katikati.

"Umekiua," alisema mwenzangu. "Chuma na jino havisinyai sawa vikipoa. Kiache kipoe taratibu."

Kilichofuata tulikifukia kwenye ndoo ya majivu ya moto, tukakiacha humo hadi kesho yake. Kuyasawazisha meno yake ilikuwa adhabu nyingine. Mawe yetu ya kunolea yaliliwa yenyewe. Mwishowe karakana ya shamba la mkonge ilituazima jiwe gumu la kusagia, la kijani, tukasaga kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka vidole vikafa ganzi.

Nilipozifikisha vali zile kijijini, mama mwenyekiti alikuja kunipokea na kanga begani.

"Yule binti mwenye mimba amejifungulia njiani," alisema. "Na ndoo yake kichwani, fikiria. Mtoto mzima, alhamdulillahi. Lakini mama yake hajainuka bado."

Nilifunga vali. Injini ikawaka, maji yakatoka, kwanza machafu, kisha meupe. Mama yule alijaza ndoo ya kwanza, akaibeba mwenyewe kwenda kwa mzazi. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Mvua zikapita, mikorosho ikachanua, sikuitwa. Mwenzangu alinipongeza. Mimi nililala. Kila nilipotoka kazini nililala, mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Korosho zilipokwisha kuokotwa, nikaitwa. Nilifungua pampu mbele ya kamati. Vali zilikuwa nzima, na meno yake yaling'aa. Ila mchanga ulikuwa umetafuta pengine: silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka ilikuwa imechimbika mistari mirefu, na silinda ya akiba haikuwapo Lindi wala Dar es Salaam. Pesa za kigeni za kuagizia vipuri hazikuwapo.

"Vali hazijaharibika, mama," nilimwambia. "Kilichobaki chote kimeharibika."

Aliingiza kidole kwenye silinda, akapapasa ile mistari.

"Yule mtoto anatembea sasa," alisema. "Mama yake amepata nguvu, amelima. Mwaka huu hakwenda mbali kuchota."

Kisha akawageukia wenzake, wakaanza kupanga zamu ya kuteka maji kisimani kwa kamba na ndoo. Mimi nilikuwa nimeshika spana, sijui niiweke wapi. Mama akaniona.

"Kalale kwangu, mwanangu. Lori halitoki leo."

Nilikwenda. Nilivua viatu, nikajilaza kwenye mkeka, na huko nje nikawasikia wanawake wakibishana juu ya urefu wa kamba.