Muuza Picha na Nyumba Iliyozama

Ndugu msomaji, Jumanne tumemzika mzee muuza picha, yule wa baiskeli nyeusi aliyekuwa anatandaza picha zake chini, pembeni ya soko hapa Ifakara, na kuziwekea mawe zisipeperuke. Kama umewahi kukaribishwa sebuleni kokote kati ya hapa na Kidatu, ukaona simba ukutani, au maporomoko ya maji, au treni ya Wazungu inapita mlimani, basi mkono wake huo. Alikuwa mtani wangu, mtu wa upande wa Mahenge, na mnajua mtani akiwa msibani hadaiwi adabu. Makochi yalipotolewa nje na mikeka kutandikwa, nikauchukua mzigo wake wa picha ambazo hazijapata wateja, nikasimama katikati ya wanaume na kuanza kuuza kwa sauti yake ile ya puani. Mjane wake alikuwa analia. Akasita, akacheka, akanirushia kandambili. Hapo nikajua utani wangu umepokelewa.

Misiba mingine watu wanaongea mpira na mvua. Huu watu waliongea kuta zao. Kila aliyekaa mkekani alikuwa na picha ya kuelezea. Mzee mmoja aliyestaafu kukata miwa kule Kidatu akasema yeye aliuziwa ile ya meza iliyojaa zabibu, tufaha na kuku mzima anayemetameta, na kaitundika mbele kabisa ya kiti anachokalia kula. Zabibu zenyewe hajawahi kuonja hata moja. Lakini mkewe akipakua matembele kwa siku ya tatu mfululizo, yeye anainua uso, anatafuna huku anatazama kuku, na matembele yanashuka yenyewe. Mkewe alikuwa upande wa akina mama, akasikia. Akajibu kwa sauti ya juu kwamba sasa ameelewa kwa nini kila shati la mume wake lina mchuzi kifuani. Msiba mzima ukaangua kicheko, na mimi nikaona wivu, maana kuchekesha ilikuwa zamu yangu.

Kibanda changu cha kubandika vioo vya simu kinatazamana na pale alipokuwa anatandaza, kwa hiyo biashara yake nimeiona kwa miaka. Ilikuwa biashara ya ajabu. Mteja akiinama kushika picha, mzee haanzi na bei. Anauliza, "Nani atakaa akiiangalia?" Mtu anashangaa, anaanza kujieleza: mimi na mke wangu, au mama yangu mgonjwa, hatoki ndani. Basi mzee anachambua, anatoa nyingine kabisa chini ya rundo. Kuna dereva wa bodaboda alitaka simba, akaulizwa, akakiri kwamba anayemtaka amwone simba ni mwenye nyumba wake anapokuja kugonga mlango. Akapewa simba mwenye mdomo wazi. Nikamwambia mzee anapoteza muda, mtu kaja na hela mkononi wewe unamfanyia usaili kama anaomba kazi benki. Yeye alikuwa ananiita Kasuku, sihitaji kueleza kwa nini. Akasema, "Kasuku, kioo chako cha simu mtu anakitazama akipenda. Ukuta unakutazama wewe, upende usipende."

Sasa niwaeleze siku niliyomharibia. Alikuja bibi mmoja kutoka Katindiuka, kanga mbili, miguu ina vumbi la shamba. Akazipita picha zote, Bikira Maria akampita kwa heshima, wachezaji mpira akawapita bila heshima, akasimama kwenye moja iliyokuwa pembeni haina mnunuzi. Ilikuwa nyumba peke yake katikati ya weupe mtupu. Weupe umefika hadi madirishani, uzio umebaki ncha tu, mti wa uani hauna jani hata moja, na juu ya paa kuna moshi mwembamba. Bibi akachuchumaa, akaishika kwa mikono miwili. Mzee akauliza swali lake. Bibi akasema wataiangalia wajukuu, maana hii ndiyo nyumba aliyozaliwa baba yao, kule bondeni, ilivyokuwa mwaka ule maji yalipopanda. Akaonyesha kwa kidole maji yalipofika.

Mimi nilikuwa sina mteja. Mdomo wangu ukikosa mteja ni hatari. Nikapaza sauti kutoka kibandani: "Bibi, hayo si maji. Hiyo ni theluji, Ulaya hiyo. Huko mtu akitema mate yanadondoka kama jiwe." Watu wa karibu wakacheka, mwenye kibanda cha pili akapiga meza. Bibi akaitazama picha upya. Kisha akaiweka chini taratibu, akairudishia jiwe lake juu, akasema, "Kumbe," akaondoka.

Mzee hakunigombeza, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikaa muda anafuta vumbi picha ambazo hazina vumbi. Halafu akaniuliza kama nimewahi kuona theluji. Nikasema nimeiona kwenye simu. Akaniuliza kama nimewahi kulala kwenye nyumba iliyozungukwa na mafuriko. Nikasema hapana. "Basi kati yako na yule mama," akasema, "nani anaijua ile picha?" Ndipo akanieleza. Yule bibi anamfahamu tangu zamani. Maji yaliondoka na kila kitu, pamoja na sanduku la picha: ya harusi, ya watoto wakipata komunyo, zote. Mume wake alifariki miaka mingi baadaye, kwa uzee tu, bila kupigwa picha nyingine. Bibi alikuwa anakuja pale kila baada ya mavuno, anatazama picha zote, anarudi mikono mitupu. Mzee hakujua anatafuta nini hadi siku hiyo. "Na alipoipata," akasema, "Kasuku kaongea."

Akaikunja picha, akaitia kwenye bomba la plastiki, akanipa na nyundo na misumari minne. Akasema aliyeitoa ukutani ndiye atakayeirudisha. Nikamwambia haikuwahi kufika ukutani. Akasema ilishafika, mimi tu ndiye sikuiona.

Kesho yake nikaenda Katindiuka. Nikamkuta bibi anapeta mchele, wajukuu watatu wanamzunguka kama vifaranga. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikaomba radhi. Akanipokea vizuri kabisa, hata maji ya kunywa nikapewa, lakini picha akaikataa. Akasema sikumkosea, nimemwambia ukweli. Yeye ni mtu mzima, hawezi kutundika Ulaya ukutani halafu awadanganye watoto wa watu. Nikajaribu mzaha, haukushika. Nikajaribu kusema labda ni maji kweli, akanitazama kama anavyotazama mchele wenye mawe.

Nikaona nimeshindwa. Ila kurudi sokoni na lile bomba nikaogopa zaidi, kwa hiyo nikaikunjua picha pale kwenye mkeka, nikashika pembe zake, nikauliza kitu ambacho nilikuwa sikijui kweli. Nikauliza jiko lao lilikuwa upande gani.

Bibi akasema lilikuwa nyuma, halionekani hapo. Akarudi kwenye ungo. Baada ya kidogo akaongeza kwamba choo kilikuwa kulia, kikaondoka siku ya kwanza. Mjukuu mmoja akacheka habari ya choo kuondoka, akauliza kilienda wapi. Bibi akaweka ungo chini, akasogea. Ule mti ulikuwa mfenesi wao, ulikaa kwenye maji hadi ukapukutika. Uzio aliujenga babu yao kwa mianzi, ncha zilizobaki ndizo walizofungia mtumbwi. Kidole kinatembea, watoto wamelala kifudifudi, na mimi nimeshika pembe kama nguzo. Kisha mdogo kabisa akagusa moshi juu ya paa, akauliza nani anapika wakati jiko limezama.

"Babu yenu huyo," bibi akasema. "Alipandisha mafiga darini, akatupikia uji huko juu. Moshi ukatokea kwenye paa. Watu wa mitumbwi wakauona, wakaja kutuchukua."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa najua kabisa kwamba pale kwenye picha kuna bomba la kutolea moshi, limejengwa kwa matofali, na ndani ya nyumba kuna Mzungu anaota moto na paka wake. Maneno yalifika kwenye meno. Nikayameza. Nikasimama, nikauliza msumari upigwe wapi, na bibi akanionyesha ukuta unaotazamana na mlango. Nikapiga yote minne. Watoto walikuwa bado wanauliza uji ulikuwa na sukari au chumvi.

Siku hizi tunajenga nyumba nzuri hapa bondeni kwetu, lazima tuseme. Marumaru chini, jipsamu juu, na ukutani televisheni moja kubwa ambayo ikizimwa inabaki shimo jeusi. Picha zetu elfu moja ziko kwenye simu, nami ninayebandika vioo vya hizo simu nawashukuru kwa kuziangusha. Lakini mgeni akiingia hana cha kuuliza. Anaomba neno la siri la waifai, anainamisha kichwa. Ile kazi ya mzee, ya kuchuchumaa na mteja na kumtafutia yeye ni nani kwenye rundo la karatasi za viwandani, sijaona wa kuirithi. Mzigo aliouacha, mjane wake kaniambia niuuze mimi. Nimekubali, ila kila mteja ananichukua nusu saa, na sasa vioo vya simu vinanidodea.

Nilichojifunza kwake ni hiki. Karatasi ya ukutani inaweza kuwa imetoka popote, imepigwa na mtu asiyeijua Ifakara wala mafuriko yake, lakini kilichomo humo anakijua mwenye ukuta. Kwa hiyo ukiingia nyumbani kwa mtu ukaona picha ambayo unaona kabisa imekosewa, kaa, pokea maji, muulize hapo ni wapi, halafu mwache akuonyeshe. Na kama wewe unajua zaidi, hongera sana. Kunywa maji yako.